Kuku wa Upande wa Kushoto

Kama umewahi kununua kuku wa nyama kwa Mama Majani, unajua huuziwi hivi hivi. Utasimama mlangoni pa banda, utanyoosha kidole, naye atakuuliza unampeleka wapi, unampikia nani, na mara ya mwisho ulimwunguza au hukumwunguza. Jibu lako likimkera, anakuchagulia kuku mwingine kabisa, na huyo ndiye utakayeondoka naye. Wateja wananung'unika, lakini wanarudi. Wanarudi kwa sababu kuku wake ni wazima. Upanga wa kichwani mwekundu, macho makavu, miguu imara, na siku ya kuchinja unaona damu ya kweli, si ile nyepesi kama chai iliyochemshwa mara ya tatu.

Wala hakuficha anafanyaje. Nyuma ya jiko palikuwa na milonge miwili iliyokatwakatwa mpaka ikawa mifupi kama watu wanene, na kila asubuhi aliinama chini yake akichuma majani. Aliyatandaza kivulini juu ya shuka kuukuu, akayageuza kwa vidole, yakikauka akayatwanga, akayachekecha, akachanganya ule unga wa kijani na chakula cha kuku. Ole wako uanike majani yake juani. "Juani unaua kila kitu," alikuwa akisema, "unabaki na nyasi." Jina lake lenyewe lilikuwa limebaki kwenye kadi ya hospitali na mdomoni mwa mumewe siku za ugomvi. Mtaani alikuwa Mama Majani, basi.

Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, banda la kuku likiwa nyuma, na ndoa yao ilipita katikati: yeye anapiga randa mbele, maranda yanabebwa nyuma kuwa godoro la kuku. Mzee huyu hakuwa msemaji. Alikuwa na penseli sikioni na kicheko cha tumboni kisichotoka nje, unaona tu mabega yanacheza.

Msemaji alikuwa Gunia. Huyu alikuwa na duka la chakula cha mifugo pale kwenye kona, na jina alipewa na bidhaa yake pamoja na umbo lake, naye akalipokea kwa mikono miwili, hata kwenye ubao wa duka akaliandika. Kila akileta mizigo kwa Mama Majani alikuwa na lake la kusema.

"Dada, bado unawalisha kuku mboga? Siku wakianza kulia meee, usinitafute."

"Wewe leta pumba zako uende."

"Pumba! Chakula changu kina kila kitu ndani. Madini, vitamini, samaki. Majani ni ya mbuzi, dada yangu. Kuku wako wanakua kwa gunia langu, sifa unazipa mti."

Mama Majani alikuwa akicheka, akimrushia ganda la kitu chochote kilichokuwa karibu. Lakini akishaondoka, lilikuwa linamkaa. Miaka yote hiyo ya kuchuma na kutwanga, na hana namna ya kumwonyesha mtu kwamba hatwangi bure. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Jambo jingine la kulijua kuhusu mama huyu ni mgao. Alilea watoto wanne, na nyumbani kwake hapakuwa na sahani ya mkubwa wala ya mdogo. Akipakua alikuwa akiinama mpaka macho yake yanakuwa sawa na meza, anaangalia vilima vya chakula vimelingana au havijalingana, anachota kijiko hapa anaweka pale. Watoto walikuwa wakimcheka: "Mama, leta pima maji ya baba!" Yeye hakujali. Mtu akinyimwa mbele yake, hata awe mtoto wa jirani aliyepita tu, chakula kilikuwa kinamkwama.

Sasa, binti wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa chuoni akisomea ufugaji, mwaka wa mwisho. Kumaliza chuo lazima ufanye utafiti wako mwenyewe, na yeye akachagua majani ya mlonge yanaifanyia nini damu ya kuku wa nyama. Mwalimu wake alimuuliza kwa nini damu, kwa nini asipime uzito kama wenzake. Akajibu kwamba uzito kila mtu anauona kwenye mizani, lakini damu ndiyo inayosema kuku alikuwa mzima au alinenepa tu. Mwalimu akapenda. Nyumbani alitoa sababu ya pili, akimnong'oneza baba yake karakanani, hajui kwamba mama yuko nyuma ya mlango anakusanya maranda.

"Nimechoka kusikia watu wanamcheka mama," alisema. "Nataka iandikwe kwenye karatasi, iwe na muhuri, kwamba mama yangu anajua anachofanya."

Mama Majani alibaki ameinama na kapu lake, machozi yanamdondokea kwenye maranda, furaha imemjaa hadi anashindwa kunyanyuka. Siku ile alimpikia Kitinda chakula anachokipenda. Na wengine pia, kwa kulingana.

Basi vifaranga wakaja. Mzee akakata banda katikati kwa wavu wa waya. Upande wa kulia, Kitinda akapima chakula cha Gunia na kuchanganya unga wa majani. Upande wa kushoto, chakula kile kile, bila majani. Mengine yote sawa: maji yale yale, maranda yale yale, taa ile ile.

"Mama, nisikilize," alisema. "Sheria ni moja tu. Wa kushoto wasionje jani. Hata moja."

"Hata la kudondoka?"

"Hata la kudondoka."

"Sawa mwanangu."

"Mama, mimi nashinda chuoni. Wewe ndiye unayewalisha mchana. Wa kushoto wakila majani, sitakuwa na wa kulinganisha nao. Kazi yote inakufa."

"Nimesema sawa! Kwani mimi mtoto?"

Na mwanzoni alishika sheria, tena kwa mkono wa chuma. Akiingia banda, anatazama mbele kama askari wa gwaride. Analisha kulia, ananawa, anabadilisha kanga, analisha kushoto, anatoka. Lakini vifaranga wakakua, wakaota shingo. Akimwaga chakula cha kijani kulia, wale wa kushoto wanakuja mbio, wanajipanga kwenye wavu mmoja mmoja, wanapitisha vichwa kwenye matundu, wanapinda shingo na kumwangalia kwa jicho moja. Unajua kuku anavyoangalia. Jicho moja tu, halipepesi, linakuuliza.

"Msiniangalie hivyo," alisema. "Chakula mnacho. Mmeshiba. Ni masomo tu haya."

Wakaendelea kumwangalia.

Siku ya kwanza ilikuwa chembe tu, zile zilizobaki kwenye vidole; alikung'uta mkono, mkono ukajikuta uko upande wa kushoto. Kesho yake kidogo cha kuonjea. Kesho kutwa alijiambia kwamba hicho si chakula, ni harufu ya chakula. Na kwa kuwa yeye ni yeye, siku iliyofuata akaona kumpa mtu kidogo ni dharau kuliko kutompa kabisa, akainama, macho yakawa sawa na vilishio, akahakikisha kulia na kushoto vimelingana. Loo! Akatoka bandani moyo mweupe, anaimba.

Wa kwanza kugundua alikuwa mumewe, alipoingia kubadilisha maranda. Akachuchumaa upande wa kushoto, akaangalia chini kwa muda mrefu.

"Mama watoto."

"Nini?"

"Hawa wa kushoto wananya kijani."

Kuku mmoja akakohoa.

"Mimi ni seremala," mzee akasema akiinuka. "Mambo ya choo cha kuku siyajui." Akabeba kapu lake akaenda zake, mabega yanacheza.

Siku ya kuchukua damu, Kitinda alikuja na koti jeupe, kisanduku cha vichupa na sindano nyembamba kama unywele. Mama ndiye aliyeshika kuku. Walikaa kwenye vigoda viwili, magoti yakigusana. Mama anamlaza kuku ubavu, anafungua bawa, Kitinda ananyonyoa vinyoya viwili vitatu, anapangusa kwa pamba yenye spiriti, na mshipa unajitokeza pale kwenye kiwiko cha bawa, wa bluu. Sindano inaingia, damu inapanda polepole, inamiminwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande. Kisha mama anabana na pamba na kumbembeleza kuku sikioni kama vile kuku ana sikio la kubembelezwa.

Gunia alikuwa amekuja na mzigo, akakataa kuondoka.

"Dunia imekwisha," alisema. "Kuku anapimwa damu! Mimi mwenyewe sijapimwa tangu nizaliwe."

"Wewe ukichomwa sindano utatoka upepo," Mama Majani akamjibu, na Kitinda akacheka mpaka akaomba wapumzike kwanza, mkono usije ukatetemeka.

Ilikuwa siku nzuri. Mama na binti, goti kwa goti, wanafanya kazi moja. Mama Majani alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna kitu amefanya. Hivyo ndivyo alivyokuwa: akishatenda haki, anasahau.

Majibu ya maabara yakaja. Kitinda aliingia uani na mkoba begani, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Baba alikuwa anafunga kitasa cha mlango wa banda. Gunia, kama kawaida, alikuwepo, anasubiri magunia matupu.

"Vipi?" mama akauliza. "Sema basi, roho iko juu."

"Hakuna tofauti."

"Tofauti gani?"

"Yoyote, mama. Damu unaizungusha kwenye mashine, chembe nyekundu zinatuama chini, maji yanabaki juu, halafu unapima nyekundu imefika wapi. Wa kulia na wa kushoto wamefika pale pale. Ni kama kuku wale wale." Alijaribu kutabasamu. "Majani hayafanyi kitu. Ndivyo nitakavyoandika. Wafugaji wasijisumbue nayo."

Gunia akafungua mdomo. Akaangalia uso wa yule binti na, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akafunga mdomo. Akakunja magunia yake akaondoka taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angecheka.

Mama Majani aliingia jikoni. Akashika kifuniko cha sufuria, akakiweka. Akashika mwiko, akauweka. Mumewe akaja akasimama mlangoni.

"Utamwambia?"

"Nimwambie ili iweje?" alinong'ona kwa ukali. "Ameshamaliza! Hata majibu kama haya wanayapokea, kaniambia mwenyewe. Atasoma mbele ya walimu wake, atapewa karatasi yake, atavaa joho. Nikifungua mdomo, anaanza upya. Acha waseme majani yangu ni bure. Nimezoea."

"Sawa," mzee akasema. Hakuondoka.

"Unanisimamia nini?"

"Ile karatasi itakuwa na jina lake. Na itakuwa si kweli."

Mama Majani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Majani yake kuitwa bure, hilo angelimeza. Lakini mtoto aende akasimame mbele za watu, na suti yake na sauti yake nzuri, aseme uongo hali yeye anaamini ni kweli, na uongo wenyewe ametiliwa mdomoni na mama yake mzazi? Akainuka, akafunga kanga kiunoni, akarudi uani.

"Kitinda. Usiandike."

"Nisiandike nini?"

"Wa kushoto wamekula majani."

Binti alimtazama asielewe. "Yamedondoka?"

"Hayakudondoka. Mimi niliwapa."

"Uliwapa lini?"

"Karibu kila siku."

"Kiasi gani?"

"Sawa na wale wengine."

"Sawa sawa?"

"Sasa ningewapunja?" mama akauliza, na sauti ilimtoka kwa uchungu wa kweli, kwa sababu hilo swali lilimdhalilisha.

Kitinda alisimama. Uso ulikuwa umemwiva. "Mama, nilikuomba kitu kimoja. Kimoja tu! Umejua tangu mwanzo, ukanishikia kuku, ukacheka na mimi, ukaniacha nibebe vile vichupa kama mjinga! Nimefanya kazi yote hii kwa ajili yako!"

"Najua."

"Unajua nini? Kuku wenyewe wanakwenda chunguni, mama! Wanakwenda chunguni!"

"Kwani anayekwenda chunguni hatamani?"

Kitinda alisimama anapumua kwa nguvu, mkono kiunoni, na ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini lakini?"

Mama Majani aliangalia banda. "Walikuwa wananiangalia," alisema. "Wamesimama kwenye wavu, wananiangalia. Mimi nimelelewa kwa shangazi, unajua. Hujui yote. Hakunipiga, nisimsingizie. Watoto wake walikuwa wakila kwanza, mimi nasimama mlangoni nashika bakuli, nikisubiri kitakachobaki. Njaa nilikuwa sisikii sana. Nilikuwa naangalia mikono yao tu. Mkono wa mtu anayekula, ukiwa huli, unaujua kila kidole." Akajifuta pua na ncha ya kanga. "Sikuweza, mwanangu. Nilijaribu. Hata kuku, sikuweza."

Kitinda alibaki amesimama. Mdomo ukaanza kumtetemeka, baba yake akafikiri analia, akaweka bisibisi chini. Kumbe ni kicheko. Kilimpanda kutoka mbali, akajishika tumbo, akakaa chini uani na sketi yake ya chuo.

"Ulilinganisha!" alisema akivuta pumzi. "Uliinama ukalinganisha! Ndiyo maana damu zimefanana hivi! Maabara wameniambia hawajawahi kuona makundi mawili yaliyolingana namna hii!"

Mama akacheka naye akilia. Mzee ikabidi aegemee nguzo, na siku ile kicheko chake kilitoka nje, watu wa nyumba ya pili wakachungulia kuona kuna nini.

Mwalimu wa chuo alipoambiwa ukweli alivua miwani akajifuta machozi. Alisema amesikia tafiti zikiharibiwa na mvua, na umeme, na paka, lakini kwa upendo, hiyo ni ya kwanza. Akampa Kitinda muda wa kurudia. Joho likasogea mbele kwa muhula mmoja, na mtoto alinuna kidogo, nani asingenuna, kisha akaagiza vifaranga wapya.

Safari hii mzee aliuondoa wavu, akajenga ukuta wa mbao, imara, bila tundu. Swali likawa nani atawalisha wa kushoto. Baba alikuwa na mzio wa vumbi la chakula cha kuku. Mama alijiondoa mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Nipeni mimi," sauti ikasema getini. Alikuwa Gunia, habari zilishamfikia, na alikuwa amecheka peke yake dukani tangu asubuhi. "Mimi na majani hatusalimiani. Hao wa kushoto wako mikono salama."

Kitinda alimwangalia juu mpaka chini, safari ndefu ile, akakubali.

Ikawa kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na kila mchana akilifunga, Gunia anakuja kulisha. Mama Majani yuko kulia, Gunia yuko kushoto, ukuta katikati, wanatupiana maneno juu yake.

"Wangu wamemaliza chakula chote, dada! Wako bado wanatafuna kachumbari?"

"Wako wanakula haraka wakimbie wasikuone!"

Na akishaondoka, Mama Majani alikuwa anagonga ukuta kidogo. "Wanangu wa huko," anasema, "nisameheni. Ni masomo. Sijawasahau." Halafu anatoka haraka, kabla miguu haijamsaliti. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuzaa, ndivyo alivyomwambia mumewe, naye mzee akasema kwa hilo pia yeye hana la kuchangia.

Kumbe upande wa pili mambo yalikuwa yanageuka. Gunia aliuza chakula cha kuku maisha yake yote, lakini kufuga hakuwahi. Alikuwa hajui kwamba ukiwalisha kwa mkono wako wanaanza kuijua hatua yako, wanakukimbilia, mmoja analala juu ya kiatu chako. Akaanza kuwaita wangu. Akaanza kuja mapema. Na siku moja, akipita mbele ya mlango wa kulia, akachungulia, akasimama. Panga za vichwani mwa wale wa Mama Majani zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kuiva. Akarudi kushoto akawaangalia wake. Walikuwa kuku wazuri. Lakini si nyekundu ile.

Mchana wake Mama Majani alitoka jikoni na bakuli la maji, akamkuta Gunia amesimama kando ya shuka la majani, amempa mgongo, mkono uko mfukoni.

"Gunia."

"Dada."

"Mfukoni kuna nini?"

"Leso."

"Leso ya kijani?"

Mtu mzima yule alishuka mabega. Akatoa mkono, vidole vimejaa unga wa mlonge, jasho limeugandisha. "Kidogo tu," alisema. "Dada, wangu watashindwa. Na hawana kosa. Wanakula, wananisikiliza, kosa lao nini? Kuna mmoja ananifuata mpaka mlangoni, ananiangalia..."

"Kwa jicho moja."

"Kwa jicho moja!"

Mama Majani alijua kila kitu alichokuwa nacho huyu mtu kifuani. Angeweza kugeuka tu, arudi jikoni, ajitie hamnazo kama mumewe alivyofanya. Nusu ya moyo wake ilikuwa tayari imesharudi jikoni. Nusu nyingine ilimwona Kitinda amekaa chini uani na sketi yake ya chuo, anacheka hali machozi yanamtoka.

"Nipe," alisema, akanyoosha kiganja.

"Dada, wewe wa kuniambia hivyo?"

"Mimi ndiye. Nipe. Mtoto wangu ameahirisha joho kwa ajili ya huruma yangu, hataahirisha tena kwa ajili ya yako." Akasogeza kiganja karibu zaidi. "Vumilia. Mimi niko upande huu navumilia na wewe."

Gunia akamwaga unga kwenye kiganja chake. Mama Majani akamshika mkono, akauingiza ndani ya bakuli la maji, akamnawisha kidole kwa kidole, mpaka chini ya kucha, hadi kijani yote ikatoka. Halafu akamsindikiza mpaka kwenye mlango wa kushoto, na akasimama nje, amempa ukuta mgongo, mpaka alipomaliza kulisha.

Damu ikachukuliwa tena. Safari hii Gunia ndiye aliyeshika wa kushoto, na kila sindano ikiingia alikuwa anafumba macho yeye.

Siku ya majibu Kitinda hakukaa kwenye kigoda. Aliingia uani anakimbia, karatasi juu ya kichwa, kiatu kimoja kimeachwa getini.

"Ipo!" alipiga kelele. "Mama, tofauti ipo! Baba, njoo!"

Wakamzunguka wote watatu, Gunia akiwemo. "Nyekundu imepanda juu zaidi kwa wa kulia. Si mbali sana, msianze kuwatangazia watu miujiza, lakini ni karibu kila kuku. Mwalimu amepima mwenyewe mara ya pili kwa sababu hakuamini, ikarudi vile vile. Uzito haukupishana..."

"Uzito umelingana!" Gunia akadakia. "Mmesikia? Chakula changu hicho!"

"Damu ni ya majani yake," baba akasema, na akamwekea mkewe mkono begani, hadharani, jambo ambalo hakulifanya kila siku.

Mama Majani alikuwa anaangalia karatasi asiweze kuisoma, macho yamejaa. Aliona tu mihuri. Miwili, ya bluu. Akataka kusema neno la maana, neno la kulingana na miaka yote ile ya kuinama chini ya milonge, na likamjia neno jingine kabisa, lililokuwa linasubiri kwa muda mrefu zaidi.

"Mwanangu," alisema, "umemaliza nao?"

"Nimemaliza na nini?"

"Wa kushoto. Damu yao unaitaka tena?"

"Hapana, mama. Nimemaliza kabisa."

"Kabisa kabisa? Nikiwapa sasa hivi hakiharibiki kitu?"

"Hakiharibiki kitu."

Hakusubiri neno jingine. Alichukua beseni la majani, lote, yale makavu na yale mabichi ya asubuhi, akavuka uani na kanga inampepea, na Gunia nyuma yake anakwenda mbio kwa namna ambayo mtaa haujawahi kuiona. Mlango wa kushoto ukafunguliwa. Kelele za kuku zikapanda hadi kwenye mabati.

"Subirini basi," Kitinda aliita akicheka, karatasi mkononi, "sijamaliza kusoma! Kuna ukurasa wa pili!"

"Soma tu, tunasikia!" mama yake akaitika kutoka ndani, kati ya mabawa.

"Polepole, dada, polepole," ilisikika sauti ya Gunia, ina wasiwasi mwingi. "Na hawa wa nyuma huku hawajapata!"